Makali Huzaliwa Kwenye Jiwe la Kwanza

Hotuba hii ilitolewa mbele ya vinyozi na wanagenzi wao. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu vinyozi, mafundi wenzangu, na ninyi wanagenzi mliosimama huko mlangoni, karibuni.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hakuna mhenga aliyesema kinyozi hanoi. Basi leo tunazungumzia kunoa, na si kunoa panga wala kisu cha jikoni. Tunazungumzia wembe wa kukunja: ule wenye mpini unaofunguka, usiotupwa, ambao unaweza kumnyoa babu, kisha baba, kisha mjukuu, na bado ukawa mzima.

Watu wanauleta tena. Mmoja ameukuta kwenye sanduku la marehemu babu yake. Mwingine amenunua wa mtumba wenye chapa ya Sheffield ya Uingereza au Solingen ya Ujerumani, miji ya watengeneza visu na nyembe. Wote wanakuja na malalamiko yale yale: "Fundi, nimeunoa siku nzima, mbona unakwaruza?" Nao hawasemi uongo, wameunoa kweli. Wamenunua hata jiwe la bei kubwa, jiwe laini kabisa, wakausugua mpaka ukang'aa kama kioo. Unang'aa, lakini haunyoi.

Kwa nini? Kwa sababu wameanzia mwisho. Makali huzaliwa kwenye jiwe la kwanza, lile jiwe la kukwaruza ambalo hakuna anayelionea fahari. Mawe yanayofuata yanalea tu kilichokwisha kuzaliwa. Kama hakuna mtoto, utalea nini?

Tuanze na wembe wenyewe. Utazameni huu nilioushika. Huku juu pana mgongo mnene. Kutoka mgongoni chuma kinabonyea ndani pande zote mbili, kinazidi kuwa chembamba, mpaka kinafika kwenye makali. Upande wa mpini, pale makali yanapoanzia, ni kisigino. Upande wa pili ni ncha. Sasa usogezeni karibu na taa. Mnaona ule ukanda mwembamba unaometa kando ya makali, mwembamba kuliko uzi wa kushonea? Huo ndio mteremko. Kuna mmoja upande huu na mwingine upande ule, na makali si kitu kingine ila ni mahali miteremko hiyo miwili inapokutana.

Nimeupima wembe huu. Kutoka mgongo hadi makali ni milimita 16. Unene wa mgongo ni milimita 4.5. Gawanya 4.5 kwa 16, zidisha kwa 57.3, utapata nyuzi 16 hivi. Hiyo ndiyo pembe ya makali yake. Ni nani aliyeichagua? Si wewe, ni fundi aliyeusaga wembe ule kiwandani. Ukiulaza juu ya jiwe, mgongo na makali vikagusa pamoja, pembe hiyo inajipata yenyewe bila jicho lako kuhusika. Kadiri makali yanavyoliwa na jiwe, mgongo nao unaliwa kidogo, na pembe inabaki karibu pale pale. Waliobuni umbo hili walikuwa watu wenye akili sana.

Sasa tuseme mtu anaupeleka wembe wake kwa mnoa visu wa baiskeli. Mnamfahamu. Amesimamisha baiskeli yake kwenye kona, anakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Kisu cha buchani kikitoka pale kinakata nyama vizuri, na ninamheshimu kwa kazi yake. Lakini wembe wa kukunja ukifika pale, mambo matatu hutokea kwa mpigo. Kwanza, anauinua mgongo, kwa sababu kisu hunolewa kwa kuinuliwa, na pembe ya nyuzi 16 inageuka 30 au 40. Pili, jiwe la duara linachimba, kwa hiyo makali yanakuwa na mawimbi. Tatu, zile cheche ni joto. Chuma chembamba kiasi kile kinapata moto kabla hujakohoa. Mkiona karibu na makali pana doa la rangi ya buluu, jueni chuma kimepikwa na ugumu wake umetoka. Hakuna jiwe duniani litakaloyarudisha makali ya sehemu hiyo. Itabidi isagwe mpaka iishe, tena kwa maji. Kwa hiyo mkinunua wa mtumba, tafuteni doa hilo kabla hamjatoa pesa. Angalieni pia vishimo vya kutu pale pale kwenye makali, na ugongeni ubapa taratibu kwa ukucha: mzima hulia, wenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Nimetaja ugumu wa chuma. Hapa ningependa niwape kisa cha mtengeneza saa.

Katika miaka ya 1740, karibu na Sheffield huko Uingereza, aliishi fundi saa aliyeitwa Benjamin Huntsman. Springi zake zilikuwa zinamwangusha. Chuma cha pua cha siku zile hakikuwa sawa kote: hapa kigumu, pale laini, ndani ya kipande kimoja. Huntsman akakiyeyusha kabisa kwenye vyungu vya udongo, kwa moto mkali wa makaa, kikachanganyika chote kikawa kitu kimoja. Akapata feleji ambayo ukiikata popote ni ile ile. Akawapelekea watengeneza visu wa Sheffield, jirani zake kabisa. Wakakikataa! Walisema ni kigumu mno, kinasumbua kukifanyia kazi. Huntsman akakiuza Ufaransa. Visu vya Kifaransa vya chuma kile vilipoanza kuingia Uingereza na kupendwa na wanunuzi, ndipo watu wa Sheffield wakashtuka wakageuka. Nyembe nyingi nzuri zilizobeba jina la mji ule zilitokana na chuma cha namna hiyo.

Kwa nini kuwa sawa kote ni jambo kubwa namna hii? Miaka karibu 280 baadaye, mwaka 2020, watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha katika jarida la Science majibu ya swali ambalo kila kinyozi amewahi kujiuliza: unywele ni laini mara 50 hivi kuliko chuma, inakuwaje wembe ndio unaochoka? Waliziangalia nyembe chini ya darubini ya elektroni. Waliona kwamba makali hayaishi kwa kulika polepole tu kama sabuni. Yanameguka. Unywele ukipinda wakati unakatwa, ukayabana makali kwa upande, tena mahali ambapo chuma hakiko sawa au tayari pana kovu, kipande kidogo sana hung'oka.

Mmelisikia hilo neno kovu? Mikwaruzo inayoachwa na jiwe la kwanza ikifika mpaka kwenye makali ni makovu. Ukiiacha, umeutengenezea unywele mahali pa kushika. Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayofanana kwa matokeo: kulikimbia jiwe la kwanza kabla halijamaliza kazi, na kulikimbia la pili kabla halijafuta mikwaruzo ya la kwanza. Na ule msemo wa mwenzako akinyolewa wewe tia maji, uchukueni kama ulivyo. Ndevu zilizokaa na maji ya vuguvugu dakika 2 au 3 zinalainika, zinakatika kwa nguvu ndogo, na wembe unadumu.

Haya. Jiwe la kwanza.

Ni jiwe la maji namba 1000. Kwa kipimo cha Kijapani punje zake ni kama mikroni 11 hadi 15, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Liwe na urefu wa sentimita 20 na upana wa 7 au 7.5. Liloweke dakika 10 hadi 15, mpaka viputo viishe. Lakini kabla wembe haujaligusa, jiulize: jiwe lenyewe limenyooka? Jiwe la maji huliwa katikati likawa kama sahani. Chukua penseli, lichore mistari ya mraba uso mzima. Weka msasa wa maji namba 220 au 400 juu ya kioo kinene, mwagia maji, kisha lisugue jiwe juu ya msasa mpaka mistari yote ifutike. Ikibaki katikati na kufutika pembeni, ujue ulikuwa unanolea kwenye bonde. Wenye bamba la almasi watumie hilo, ni haraka zaidi. Kisha pembe za jiwe zichongwe kidogo, zisiwe kali. Pembe kali ya jiwe ikigonga makali, kazi ya saa nzima imekwenda na maji.

Chukua maka peni, paka wino kwenye miteremko yote miwili, kisigino mpaka ncha. Laza wembe, pitisha mara mbili tu kila upande, utazame chini ya taa. Wino unasema kweli kuliko fundi yeyote. Ukifutika kote hadi kwenye ukingo, jiwe linafika. Ukibaki ukanda mwembamba pale kwenye ukingo wenyewe, jiwe halijafika kwenye makali: aliyekutangulia aliuinua mgongo, na sasa una kazi ya kulila bega la mteremko, ule upande wake wa kuelekea mgongoni, mpaka ufike. Ukibaki kwenye ncha tu, mkono wako unauacha wembe uondoke juu ya jiwe kabla ncha haijapita.

Mwendo ni huu. Makali yanatangulia, kana kwamba unalinyoa jiwe. Kwenye jiwe la kwanza unaweza kuanza na miduara midogo, 30 upande huu, 30 upande ule. Kisha mpitisho wa mshazari: unaanza kisigino kikiwa juu ya jiwe, unasukuma mbele huku unavuta kwako pembeni, unamaliza ncha ikiwa ndiyo pekee iliyobaki juu ya jiwe. Kwa nini mshazari? Ili kila sehemu ya makali ipate kiasi kile kile cha jiwe. Ukisukuma moja kwa moja, sehemu moja inakula zaidi, na baada ya miezi makali yanabonyea katikati kama mdomo ulionuna. Wembe wa namna hiyo haunyoi shavu, unagusa kwa pembe zake mbili tu.

Na kisigino je? Pale kisigino kinapokutana na shingo pana unene wa chuma, kama bega. Bega hilo likipanda juu ya jiwe, wembe unainuka, kisigino hakinolewi, na polepole kinaota ndoano. Ndoano hiyo huchana masikio ya watu. Kaa na wembe wako milimita chache nje ya bega. Muda wote.

Kugeuza: wembe hugeuzwa juu ya mgongo. Juu ya mgongo! Mgongo haujaondoka kwenye jiwe, makali yanapita hewani, yanalala upande wa pili. Anayegeuza juu ya makali anayavunja yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Sasa tufike mahali ambapo mikono mingi huharibu: nguvu. Mwanagenzi akiona wembe haukati, anafanya nini? Anabonyeza. Na kadiri unavyogoma ndivyo anavyozidi kubonyeza. Kumbukeni ubapa huu umebonyea, karibu na makali ni mwembamba kiasi kwamba ukiusukuma kwa ukucha unaweza kuuona unapinda. Ukibonyeza juu ya jiwe, unapinda. Ukipinda, makali yanainuka na jiwe linakula nyuma yake. Kwa hiyo anayebonyeza anachosha mkono kwa kusaga mahali ambapo si pa kusaga! Au yanapinda vibaya zaidi, yanatoa uzi wa chuma, ule ukingo mwepesi unaoning'inia kwenye makali. Uzi huo hudanganya. Unakata nywele za mkono vizuri, unakufurahisha, halafu ukifika kwenye kidevu unakatika, na chini yake pamebaki msumeno.

Fanyeni jambo moja nyumbani. Chukueni mizani ya jikoni, wekeni jiwe juu yake, iwe sifuri. Noeni huku mnasoma namba. Kwenye jiwe la kwanza, mwanzoni, gramu 150 hadi 200 zinatosha. Ukiona 500, acha, pumua, anza upya. Kadiri mteremko unavyokamilika, shuka hadi 100. Kwenye jiwe la mwisho mizani isome uzito wa wembe wenyewe na zaidi kidogo tu, gramu 60 au 70. Mkiifanya hivyo jioni tatu, kidole kitakuwa kimejifunza na mizani itarudi jikoni.

Utajuaje kwamba jiwe la kwanza limemaliza? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote leo. Hesabu ya mipitisho haitakwambia. Wembe uliotunzwa unaweza kukamilika kwa dakika 5. Wa mtumba wenye makovu unaweza kukushika saa nzima. Ulizeni wembe wenyewe, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni mwanga. Shika wembe makali yakiwa juu, chini ya taa moja kali, uutikise taratibu. Makali yaliyokutana hayana upana, na kisicho na upana hakiwezi kurudisha mwanga. Ukiona nukta nyeupe au mstari mwembamba wa fedha, pale pamebaki bapa. Lenzi ya sonara inayokuza mara 10 itakuonyesha hata kile jicho lisichokiona.

Ya pili ni malaika ya mkono, yaani vinyweleo. Pitisha wembe karibu kabisa na ngozi, bila kusukuma, kwa kisigino, halafu katikati, halafu ncha. Pote patatu pakate, na pakate sawa. Si "kisigino kinakata, ncha itakuja kwenye jiwe linalofuata." Haitakuja! Jiwe la namba 8000 linaondoa chuma kidogo mno. Kulitegemea lirekebishe ncha ni kama kuchimba kisima kwa kijiko. Kama pana uzi wa chuma, pitisha mara 10 kwa zamu, upande mmoja kisha wa pili, mkono mwepesi kabisa, halafu jaribu tena. Nawaomba wazee mwaambie vijana wenu jambo hili kila siku: hakuna ruhusa ya kwenda jiwe la pili mpaka la kwanza lijibu pote patatu.

Mtu anaweza kuuliza, je, nibandike tepu mgongoni usichakae? Inawezekana. Tepu nyeusi ya mafundi umeme, tabaka moja, inalinda mgongo wenye nakshi au dhahabu. Ila tepu ina unene wa milimita 0.15 hivi kila upande. Kwenye wembe huu wetu wa milimita 16, pembe inapanda kutoka nyuzi 16 hadi 17 na kidogo. Si dhambi, lakini ukianza na tepu, endelea na tepu. Aliyenoa na tepu, mwezi ujao akanoa bila tepu, jiwe lake litafika kwenye bega la mteremko tu na wino utamwambia hivyo. Tepu nayo huchanika, kwa hiyo uibadilishe kila unapobadilisha jiwe.

Mawe yanayofuata nitayapitia kwa haraka, maana kazi ngumu imekwisha. Suuza wembe, suuza mikono, futa meza. Punje moja ya namba 1000 ikihamia kwenye jiwe laini itachora mkwaruzo utakaokutafuta wiki nzima. Namba 4000, punje za mikroni 3 hivi: mipitisho ya mshazari 20 hadi 30, mpaka lenzi isionyeshe tena mikwaruzo mirefu ya awali. Namba 8000, kidogo zaidi ya mikroni 1 kwa kipimo kile kile: 15 au 20. Hapa utahisi wembe unaanza kulivuta jiwe, kana kwamba maji yameugandisha. Ni dalili njema, inaonyesha nyuso mbili zimelingana. Malaika ya mkono sasa yakatike wembe ukiwa juu ya ngozi, bila kuigusa. Wapo wanaoishia hapo na kunyoa raha mustarehe. Wengine wanaongeza namba 12000, mipitisho 10.

Wengine wanamalizia kwa jiwe la asili, na hapo siwezi kupita bila kusimama. Katika milima ya Ardennes huko Ubelgiji, maeneo ya Vielsalm, kuna jiwe la rangi ya manjano liitwalo coticule. Liko ardhini katika matabaka membamba yaliyobanwa na jiwe la rangi ya samawati. Linakata kwa sababu limejaa punje ndogo za garneti. Mnaijua garneti? Ni ukoo ule ule wa vito ambamo imo tsavoraiti, kito cha kijani cha Tanzania na Kenya kilichopewa jina la Tsavo. Punje hizo hazina ncha ndefu, ni za mviringo wenye nyuso nyingi, kwa hiyo hazichimbi sana. Unalisugua kwa kijiwe kidogo cha aina yake mpaka litoe uji kama maziwa, unapitisha wembe, kisha unaongeza tone la maji, unapitisha, tone jingine, unapitisha, mpaka umefikia maji matupu. Kadiri uji unavyokuwa mwepesi, ndivyo makali yanavyozidi kuwa laini usoni. Ni kazi ya utulivu, na wembe uliomalizwa hivyo ngozi inautambua.

Nije kwenye mkanda wa ngozi, ule wenye upande wa kitambaa, unaotundikwa ukutani na kupitishiwa wembe kabla ya kunyoa. Mwaka 1895 mchuuzi mmoja Mmarekani aitwaye King Camp Gillette alisimama asubuhi na wembe wa kukunja mkononi. Ulikuwa butu. Yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba ulikuwa umepita kiwango cha kufaidika na mkanda. Ulihitaji jiwe, na kwa jiwe ilikuwa lazima aupeleke kwa kinyozi au kwa mtengeneza visu. Akiwa amesimama pale akawaza wembe mwembamba wa kutupa. Mwaka 1903 kampuni yake iliuza vishikio 51 vya kushikia wembe huo, na nyembe 168. Mwaka uliofuata vishikio vilipita 90,000. Biashara hiyo yote ilianza kwa mtu aliyejua tofauti ya mkanda na jiwe, lakini jiwe hakuwa nalo.

Tofauti ni ipi? Jiwe huondoa chuma. Mkanda husawazisha kile kilichopo: unanyoosha ukingo uliopinda kidogo, unafuta unyevu na uchafu. Mkanda hautaunda makali yasiyokuwepo. Lakini mkanda mbaya unaweza kuua makali mazuri kwa mipitisho 5, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kumwona mtu amefanya kazi safi kwenye mawe manne halafu akaimaliza vibaya ukutani.

Kwenye mkanda mambo yanageuka: mgongo ndio unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukitanguliza makali utaukata mkanda, na huenda na kidole. Uvute ukaze. Mkanda uliolegea unajikunja kuzunguka makali na kuyafanya duara. Anza upande wa kitambaa, mipitisho 20 hadi 30, kisha ngozi, 40 hadi 60, kabla ya kila kunyoa. Mwisho wa mkanda, simama kwanza, ndipo ugeuze juu ya mgongo. Mikanda mingi imechanwa na watu waliogeuza huku mkono bado unakwenda. Mwendo wa kasi mnaouona kwa mafundi wa zamani ulikuja wenyewe baada ya miaka, msiuanze nao. Wenye dawa ya kijani, oksidi ya kromiamu ya nusu mikroni, ipakeni kwenye mkanda wa pembeni, si huu wa kila siku, na mipitisho 10 inatosha. Kwa mtu anayejinyoa mwenyewe, mkanda mzuri unaweza kumpa miezi kadhaa kabla ya kurudi kwenye jiwe. Na akirudi hataanza na namba 1000. Mteremko upo, anaanza na 8000.

Baada ya kunyoa: suuza, futa kwa kitambaa kikavu kutoka mgongo kwenda makali, pitisha mara 10 kwenye kitambaa cha mkanda, paka tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yataganda. Ninyi wa Mombasa, wa Unguja, wa Tanga, ninyi mnaoishi na hewa ya chumvi, kutu haiwasubiri hata usiku mmoja. Kutu huanzia pale tulipopazungumzia kwa saa nzima, kwenye makali, kwa sababu pale ndipo chuma ni chembamba.

Sasa nirudi kwenye lile jambo la wembe wa kutupa. Ndugu zangu, wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja. Haupiti kutoka shavu la mteja huyu kwenda la mteja yule. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, na damu inayovibeba si lazima uione. Pale kwenye ribiti ya mpini kuna mwanya ambao kitambaa hakifiki. Ukiutumbukiza wembe kwenye jiki, chuma kinaliwa na makali ndiyo yanaanza. Ukiuingiza kwenye mvuke wa hospitali, chuma kinashika kutu na mpini wa pembe au wa mti unapasuka. Kwa hiyo kibandani, kwenye kiti cha wateja wengi, tumieni wembe mpya wa kutupa kwa kila mtu, ufungueni mbele ya macho yake, na mkimaliza uingie kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Wa kukunja mnoleeni mwenye wembe, arudi nao nyumbani. Na mkiletewa kunoa, uosheni kwa sabuni mkiwa na glavu kabla haujagusa jiwe lenu.

Pale mezani kuna ndoo ya maji, mawe manne yaliyokwisha kunyooshwa, maka peni mbili na mizani ya jikoni. Nyembe zilizopangwa upande wa kushoto ni butu, zimefanywa butu makusudi. Wanagenzi watangulie, wawili wawili kwenye jiwe namba 1000. Yale mengine yamefunikwa, na nitayafunua mtu akiniletea wembe unaokata malaika kisigino, katikati na ncha.